Alamu ya gari: waya unaokatwa ni muhimu kuliko kelele

ANAYETEREMKA kutoka Iringa mjini hukutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma pale Ipogolo. Hapo huegeshwa magari ya kila namna: malori yenye mizigo ya Zambia, Fuso za mbao kutoka Mafinga, pikapu za nyanya za Ilula, Hiace na teksi zinazosubiri abiria wa kupandisha mjini. Kwa mfanyabiashara mwenye gari moja, au mawili akijitahidi, mtaji wake wote hulala pembeni mwa barabara. Wiki hii ukurasa huu unayaweka kando mahindi na viazi na kuangalia bidhaa ambayo wenye magari huuziwa mara nyingi bila kuelezwa vya kutosha, yaani alamu ya gari.

Swali la mwenye mtaji mdogo ni moja: fedha anayotoa kununua na kufunga alamu inarudi? Jibu letu ni kwamba inarudi, ila kwa masharti. Alamu iliyofungwa vizuri humchelewesha mwizi dakika chache na kuita watu. Iliyofungwa vibaya humla mwenye gari mwenyewe: betri inakufa, gari linagoma asubuhi ya siku ya mnada, au baya zaidi, injini inazimika katikati ya mlima Kitonga wakati nyuma kuna tani kadhaa za mzigo. Tofauti ya hizo mbili haiko kwenye bei iliyobandikwa kwenye boksi. Iko kwenye waya ambao fundi ameukata na jinsi alivyouunga.

KINACHOIBWA NA KISICHOLINDWA

Gari zima huibwa, lakini hasara inayowapata wengi ni ya vipande: vioo vya pembeni, taa, redio, betri, swichi za vioo vya umeme, na ile kontrol boksi ya injini ambayo bila yake gari ni chuma tu. Malori hunyonywa dizeli. Ndiyo maana ukitazama magari mengi ya hapa Tanzania utakuta namba ya usajili imechorwa kwenye kila kioo na kila taa. Uchoraji huo hugharimu kidogo na hushusha thamani ya kifaa mikononi mwa mwizi, kwa hiyo tunashauri ufanywe kabla ya alamu, si baada yake.

Alamu ya kawaida haitambui kioo cha pembeni kikichomolewa na mtu mwenye mkono mwepesi. Wala haijui kwamba mpira umeingizwa kwenye tangi la dizeli. Kwa tangi, mfuniko wenye kufuli na wavu wa chuma ndani ya shingo ya tangi hufanya kazi ambayo king'ora hakiwezi. Alamu inalinda milango, boneti, buti na uwashaji wa injini. Mwuzaji akisema inalinda gari lote, mwache aendelee kusema.

Hapo linaingia suala la bima, maana wengi huchanganya mambo mawili. Bima ndogo, ile inayotakiwa na sheria ili gari liruhusiwe barabarani, humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali na gari lako. Gari lako likiibwa, hailipi hata senti moja. Inayolipa wizi ni bima kubwa, au ile ya kati inayojumuisha mtu wa tatu, moto na wizi. Zamani mwenye gari hakuwa na pa kuchagua, kwani Shirika la Bima la Taifa lilikuwa peke yake sokoni tangu 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa makampuni binafsi. Tangu hapo yapo makampuni mengi, na masharti yao hayafanani. Kabla ya kununua alamu, muulize wakala wako maswali mawili: je, alamu inapunguza ada? Na je, mkataba unadai gari liwe na alamu inayofanya kazi? La pili ndilo zito. Ukiandika kwenye fomu kwamba gari lina alamu, na usiku wa tukio ikaonekana ilizimwa wiki tatu zilizopita kwa sababu ilikuwa inalia ovyo, umempa mwenye bima sababu ya kubishana nawe.

Kwa asiye na bima ya wizi, tuchukue hesabu ya mfano. Tarakimu zake ni za kuonyesha njia tu, kila mtu aweke zake. Pikapu humwachia mwenyewe shilingi 50,000 kwa siku ya kazi baada ya mafuta na dereva. Kontrol boksi ikiibwa, gari hukaa siku 6 likisubiri nyingine kutoka Dar es Salaam, kama kilometa 500 kutoka hapa. Hapo shilingi 300,000 zimepotea kabla hujalipia kifaa chenyewe, kabla hujamlipa fundi, na bila kumhesabu mteja wa nyanya aliyehamia kwa mwenye gari mwingine. Sasa, kama alamu pamoja na ufundi vitagharimu shilingi 250,000 na vikadumu miaka 5, gharama ya mwaka ni shilingi 50,000, yaani mapato ya siku moja ya kazi. Hesabu hiyo ni nzuri. Lakini ikiwa ufungaji mbaya utalilaza gari gereji siku 2 kwa mwaka, faida yote imeliwa na fundi wako, na mwizi bado hajafika.

NDANI YA BOKSI

Ukifungua boksi la alamu utakuta kontrol yenyewe, yenye ukubwa wa pakiti ya sigara, king'ora, sensa ya mtikisiko, rimoti mbili, kitaa kidogo cha kumetameta kwenye dashibodi, swichi ya boneti, rilei moja au mbili na fungu la nyaya za rangi nyingi. Kontrol hufichwa chini ya dashibodi. Kazi yake ni kusikiliza: swichi za milango, swichi ya boneti, sensa na swichi ya funguo. Mojawapo ikibadilika wakati alamu imewekwa, kontrol huamuru mambo matatu kwa pamoja, yaani king'ora kilie, taa za indiketa ziwake na kuzima, na rilei ikate umeme wa kuwashia injini.

Rimoti huzungumza na kontrol kwa mawimbi ya redio, na hapa mnunuzi aangalie jambo ambalo halionekani kwa macho. Alamu za zamani, na baadhi ya zile za bei ya chini kabisa, hutuma namba ya siri ileile kila unapobonyeza. Mtu mwenye kifaa cha kunasa mawimbi akisimama karibu, huihifadhi na kuirudia baadaye, gari likafunguka kama limefunguliwa na mwenyewe. Aina bora hubadilisha namba kila mara, hivyo iliyonaswa jana haifai leo. Ubunifu uliosambaa zaidi wa aina hiyo, KeeLoq, si wa Japani wala Ulaya kama wengi wanavyodhani. Ulitoka Afrika Kusini katika miaka ya 1980, kwa kampuni ya Nanoteq, na mwaka 1995 ukanunuliwa na Microchip ya Marekani. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani na wenzao walionyesha kwamba nao unaweza kuvunjwa, ila kwa vifaa na ujuzi ambao mwizi wa betri hana. Dukani, tafuta maneno "rolling code" au "code hopping" kwenye boksi. Kama hayapo, na mwuzaji hajui unazungumzia nini, rudisha boksi kwenye rafu.

Upo ujanja mwepesi kuliko huo wote. Mtu hubonyeza rimoti nyingine, au kifaa cha kuvuruga mawimbi, wakati uleule unapofunga gari lako. Unaondoka ukiamini limefungwa. Dawa yake haigharimu chochote: sikiliza mlio, tazama indiketa, kisha vuta kitasa cha mlango kwa mkono. Dereva wa Ipogolo anayeegesha kwa dakika tano ale chipsi ana haraka, lakini kuvuta kitasa ni sekunde moja.

WAYA WA KUKATA

Sasa tufike kwenye kiini cha makala haya. Alamu nyingi huja na rilei ya kuzuia injini isiwake, na fundi huamua aifunge wapi. Anaweza kukata waya wa stata, yaani ule mwembamba unaoiamuru stata izunguke. Anaweza kukata umeme wa moto wa plagi au wa pampu ya petroli. Kwenye dizeli anaweza kukata waya wa solenoidi inayofungua mafuta kwenye pampu. Dukani zote huitwa kwa jina moja, "inakata injini", na hapo ndipo mnunuzi anapopotea.

Ukikata stata, gari haliwaki, lakini injini ikishawaka alamu haina tena uwezo wa kuizima. Rilei ikifa barabarani, waya ukilegea kwa mashimo, injini inaendelea kunguruma hadi ufike. Ukikata moto wa plagi, pampu au solenoidi, ulinzi ni mkali zaidi kwa sababu hata gari likisukumwa haliwaki. Lakini kila mtikisiko wa barabara sasa unapita kwenye kiungo ambacho fundi alikiunga kwa dakika kumi akiwa amelala chali chini ya usukani.

Fikiria pikapu iliyojaza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni inapanda Kitonga kuja Ilula. Kiungo kinaachia, injini inazimika kwenye kona. Dereva anakanyaga klachi kwa mazoea. Usukani wa pawa unakuwa mzito kama jiwe, na busta ya breki imebakiza nguvu ya kukanyaga mara mbili au tatu tu, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu. Nyuma yake kuna lori, na nyuma ya lori kuna basi. Kwa njia kama hii, msimamo wa ukurasa huu ni kwamba gari la biashara likatwe stata, na kama mwenye gari anataka zaidi ya hapo, aongeze kizuizi kingine kisichoweza kujiendesha chenyewe gari likiwa kwenye mwendo. Zile alamu zinazojigamba kuzima injini kwa rimoti wakati gari linatembea, eti kumkomesha mtekaji, tunaziona ni hatari kwa abiria na kwa wanaokuja nyuma. Ukiwa nayo, mwambie fundi aifunge kazi hiyo isitumike.

Kukata stata kuna udhaifu wake, na Ipogolo inaufahamu kuliko mahali pengi. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa likawaka. Likiwa limeegeshwa kwenye mteremko wa kutoka mjini, halihitaji hata msukumaji: breki ya mkono inaachiwa, gia ya pili inatiwa, klachi inaachiwa, gari limeondoka. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kimakanika haihitaji hata umeme mwingi kufanya hivyo. Kwa hiyo mwenye gari kama hilo ageuze tairi za mbele kuelekea ukingoni anapoegesha mteremkoni, aweke kufuli la usukani au la gia linaloonekana kutoka nje, na akiweza afungiwe swichi ya siri kwenye waya wa solenoidi. Swichi hiyo huunganishwa kwa lehemu, hubonyezwa kwa mkono tu, na haina rilei ya kufa njiani. Bei yake ni ndogo kuliko ya rimoti moja ya ziada.

Kuna neno la kitaalamu linalofaa kujulikana ili fundi asikuzungushe. Rilei ya kawaida ina miguu iliyoandikwa 30, 85, 86, 87 na 87a. Waya wa stata ukipita 30 na 87a, stata inafanya kazi hata alamu ikiwa imekufa kabisa, na hukatwa pale tu alamu inapoamuru. Ukipita 30 na 87, ni kinyume: alamu ikifa, gari halitawaka hata kwa funguo halali. Njia ya kwanza ina hatari kwamba mwizi anayejua akiing'oa kontrol atawasha. Ya pili inaweza kukulaza Mahenge usiku. Kwa gari la shamba na njia ndefu tunachagua ya kwanza na kuificha kontrol vizuri. Mwenye gari la kutembelea mjini tu anaweza kuamua vingine.

VOLTI NA BETRI

Magari madogo karibu yote hutumia volti 12. Malori makubwa, Fuso, Coaster nyingi, Canter nyingi na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizounganishwa mfululizo. Alamu ya volti 12 ikifungwa kwenye volti 24 huungua, mara nyingine siku hiyohiyo. Mafundi wengi hukwepa tatizo hilo kwa kuchota umeme kwenye betri moja kati ya mbili, kama wanavyofanya kwa redio. Inafanya kazi mwezi wa kwanza. Lakini betri moja inachajiwa isivyotosha na nyenzake inachajiwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hufa kabla ya wakati wake. Betri mbili za lori ni fedha nyingi kuliko alamu. Nunua alamu iliyoandikwa inakubali volti 24, au weka kipunguza umeme cha kutoka 24 hadi 12.

Malalamiko yanayosikika zaidi kuhusu alamu ni kwamba "inakula betri". Hesabu yake si ngumu. Alamu nzuri ikisubiri hutumia takriban miliampea 20. Kwa saa 24 ni ampea-saa 0.48. Betri ya ampea-saa 50 ikiwa nzima, alamu hiyo ingehitaji zaidi ya siku 50 kuimaliza nusu. Kwa hiyo gari likilala Jumamosi na kugoma Jumatatu, alamu yenyewe kwa kawaida si mkosaji. Ama betri imezeeka, na baridi ya Iringa ya Juni na Julai huianika hadharani, ama kuna waya unaovuja. Mvujo wa miliampea 200, ambao kiungo kibovu au rilei iliyonata huweza kuusababisha, humaliza ampea-saa 4.8 kwa siku. Nusu ya betri hiyo imekwenda ndani ya siku 5 au 6.

Kwa hiyo mdai fundi apime kwa mita. Aondoe waya hasi wa betri, aweke mita ya ampea katikati ya waya na nguzo ya betri, milango yote ikiwa imefungwa na alamu imewekwa, asubiri dakika kadhaa gari litulie, kisha akusomee namba. Apime kabla ya kufunga alamu na apime baada ya kufunga. Mwandikie namba zote mbili kwenye risiti. Fundi anayekataa kupima anakuambia jambo kuhusu kazi yake.

UFUNGAJI WENYEWE

Kazi nzuri ya alamu kwenye gari dogo huchukua nusu siku. Ukiahidiwa saa moja, kaa uangalie. Rangi za nyaya za alamu hazina kanuni moja, kila mtengenezaji ana zake, na rangi za gari nazo ni nyingine. Kwa hiyo fundi asifunge kwa kukumbuka gari la jana. Atumie mita ya tarakimu. Ile taa ya kupimia yenye sindano huvuta umeme mwingi na inaweza kuharibu kompyuta ya injini. Nyaya zilizovikwa ganda la njano chini ya usukani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Asiziguse kabisa.

Waya mkuu wa alamu utoke kwenye umeme usiokatika, na fyuzi yake ikae karibu na chanzo, si huko mbali karibu na kontrol. Fyuzi ikiwa mbali, kipande chote cha waya kabla yake hakina mlinzi, na waya huo ukichubuliwa na chuma cha boneti gari linaweza kuungua. Waya hasi ufungwe kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi, kwa bolti, si kubanwa chini ya plastiki. Viungo viunganishwe kwa lehemu au kwa vibanio maalumu. Kule kumenya waya kwa meno, kuzungusha vidole na kumalizia kwa soluteipu tunakujua sote. Soluteipu hulegea kwa joto la injini na vumbi la barabara, kisha ndipo hadithi ya Kitonga inapoanza. Waya unaopitisha umeme wa stata uwe mnene kama ule wa kiwandani.

King'ora kikae ndani ya chumba cha injini mbali na bomba la moshi, mdomo ukitazama chini ili maji yasituame. Kisifikiwe kwa mkono kutoka chini ya gari, kwani mwizi mzoefu huanza hapo: hulala chini, hukata waya, halafu huvunja kwa raha zake. King'ora chenye betri yake ndani hulia hata waya ukikatwa. Kina bei zaidi, na kwa gari linalolala nje bila mlinzi tungekilipia. Swichi ya boneti nayo isirukwe. Mafundi huiruka kwa sababu inahitaji kutoboa bati, lakini bila hiyo mtu anaweza kufungua boneti na kutenganisha betri alamu ikiwa kimya.

Kwenye magari mengi ya Japani swichi ya mlango hutoa umeme hasi mlango ukifunguka, na kontrol ina waya wake kwa ajili hiyo. Baada ya kazi, jaribu mlango mmoja mmoja, pamoja na wa nyuma na buti. Tumeona mara nyingi alamu inayolinda mlango wa dereva peke yake kwa miaka, na mwenyewe hajui.

KULIA OVYO

Alamu inayolia kila lori likipita ni mbaya kuliko kutokuwa na alamu, kwani majirani, walinzi na hata mwenye gari huzoea kutoitikia. Pembeni mwa barabara kuu ardhi hutikisika usiku kucha. Sensa ya mtikisiko ina skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza ukali, na wengi hawajawahi kuigusa tangu siku ya kufungiwa. Irekebishe mahali gari linapolala, si gereji. Ishushe hadi isisikie lori linalopita, kisha piga kioo cha mbele kwa ngumi ya wastani. Ikilia, imetosha. Isipolia, ongeza robo mzunguko. Sensa ifungwe kwenye chuma cha bodi, isining'inie kwenye fungu la nyaya.

Kama bado inalia bila sababu, angalia swichi ya boneti iliyoingia kutu au mlango ambao haujifungi hadi mwisho. Kuna pia magari ambayo taa ya ndani hufifia polepole baada ya mlango kufungwa. Alamu ikiwekwa mapema, hudhani mlango uko wazi. Subiri taa izime.

RIMOTI NA WATU

Betri ya rimoti hufa siku usiyoitarajia. Weka ya akiba nyumbani, na ujue mapema jinsi ya kuzima alamu bila rimoti. Alamu nyingi zina kitufe kidogo kilichofichwa: unafungua mlango kwa funguo, king'ora kinalia, unawasha swichi ya funguo, unabonyeza kitufe, kunatulia. Mwambie fundi akuonyeshe kitufe hicho na ukifanyie jaribio mbele yake, yeye akiwa amekaa kimya. Kitufe hichohicho, kwenye alamu nyingi, huiweka alamu katika hali ya gereji, ambapo gari hutumika bila alamu. Itumie unapopeleka gari kuoshwa au kwa fundi wa injini, ili usimwachie mtu rimoti. Kisha ukumbuke kuirudisha.

Rimoti mbili zina watu wawili. Mwenye gari ashike moja. Dereva akiacha kazi, rimoti yake irudi pamoja na funguo siku hiyohiyo, na isiporudi fundi aingize upya namba za rimoti zilizobaki na kuzifuta nyingine, jambo ambalo kwenye alamu nyingi huchukua dakika chache. Utingo asifundishwe kitufe kilipo. Hata fundi aliyefunga anakijua, kwa hiyo chagua mwenye gereji ya kudumu, anayeandika risiti, na ambaye utamkuta palepale mwaka ujao. Kadi ya gari isikae kwenye dashibodi. Weka nakala mahali pengine, pamoja na namba ya chasisi na ya injini, kwani ukienda polisi kufungua RB hizo ndizo utakazoulizwa kwanza.

Siku hizi wauzaji huja pia na vifaa vya kufuatilia gari kwa satelaiti na laini ya simu. Teknolojia hiyo imezoeleka nchini: mabasi ya mikoani yalianza kufungwa vifaa vya kufuatilia mwendo enzi za SUMATRA, kabla ya LATRA kushika nafasi yake mwaka 2019. Kwa gari la mizigo linalokwenda Tunduma bila mwenyewe, kifaa hicho kina faida ambayo alamu haina, maana humwonyesha mwenye mali gari liko wapi. Lakini hakizuii kioo kuvunjwa, kinahitaji salio au ada kila mwaka, na hunyamaza pasipo na mtandao wa simu. Ukinunua kwa ada, uliza ni nani hupokea simu saa nane za usiku gari likisogea.

Mwisho, kwa anayenunua gari lililotumika ambalo tayari lina alamu: dai rimoti zote mbili kabla ya kulipa, muulize aliyeuza kitufe kiko wapi, kisha peleka gari kwa fundi wako mwenyewe akafute rimoti za zamani na akuonyeshe waya wa stata unapita kwenye miguu ipi ya rilei. Ukikuta umekatwa waya wa pampu ya mafuta, uurudishe kama ulivyotoka kiwandani kabla ya safari ya kwanza.